Kayumba: maneno ya mtaani na ukweli wenyewe

Kila Januari Dar swali ni lile lile, mtoto unampeleka Kayumba, yaani shule ya msingi ya serikali ya mtaani, au ya binafsi, na majibu mengi ni ya kusikia tu kwa jirani.

"Kayumba tangu zamani ni za wasio na uwezo." Hapana jamani. Serikali ilitaifisha shule nyingi kwa sheria ya 1969, ada ya shule ya msingi ikafutwa 1973, kwa hiyo miaka ya 70 mtoto wa bosi na mtoto wa mlinzi walikuwa wanakutana darasa moja maana pengine pa kwenda palikuwa pachache sana. Uchumi ulipoyumba miaka ya 80 michango ikarudi, vitabu shida, mshahara wa mwalimu haufiki mwisho wa mwezi, basi kufika miaka ya 90 wenye hela wakawa wanapeleka watoto bodingi Kenya na Uganda, halafu ingilishi midiamu zikaanza kuota huku huku nyumbani. Kwa hiyo hii tabia ya kuikimbia shule ya mtaani sisi wenyewe tumeiona ikianza, hatukurithi kwa babu.

"Elimu bure ndo imeharibu shule." Hii inaniumiza kweli. Ada ilifutwa tena mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwenye MMEM, ule mpango wa serikali wa maendeleo ya elimu ya msingi, na Januari 2016 ikaja elimu bila malipo, na mara zote mbili madarasa yalifurika. Lakini waliofurika ni kina nani? Ni watoto waliokuwa wanakaa nyumbani kwa sababu ya mchango! Ruzuku ya shule ya msingi iliyopangwa ni sh. 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, 6,000 inaenda shuleni na 4,000 ni ya vitabu, sasa piga hesabu shule ya watoto 1,000 inapata milioni 6 ya chaki, mitihani, ukarabati na kila kitu mwaka mzima. Halafu lawama anapewa mtoto aliyekuja kusoma. Na wazazi wengi waliposikia bure wakaacha hata kuja vikao, wakati waraka wa elimu namba 3 wa 2016 unaruhusu kabisa mchango wa hiari mkikubaliana na kufuata utaratibu.

"Walimu wa serikali hawajui kufundisha." Wengi wamesoma vyuo vile vile na hao wa binafsi. Fungua daftari la mtoto uone, tiki moja kubwa imepita ukurasa mzima, hiyo sio uvivu, ni mtu mmoja na madaftari themanini mezani na kipindi kingine kinamsubiri.

"Watu wanaikimbia serikali." Mbona Olympio na Diamond, shule za msingi za hapa Dar zinazofundisha kwa Kiingereza, ni za serikali na wazazi wanazihangaikia? Kinachokimbiwa ni msongamano, na zaidi Kiingereza, mzazi anawaza form one itakavyokuwa, na hofu hiyo ni ya haki kabisa simlaumu mtu. Ila mtaala mpya ulioanza 2024 umeweka somo la Kiingereza kuanzia darasa la kwanza, kwa hiyo usipime shule ya leo kwa ulivyosoma wewe.

"Ukishamtoa Kayumba humrudishi." Wanarudishwa sana tu, ila watu wanafanya kimya kimya kwa aibu. Ada ikipanda, kazi ikiyumba, au mama amechoka kumwamsha mtoto wa miaka sita saa kumi alfajiri asubiri basi la njano gizani, anazunguka Mbagala nzima amelala kwenye siti wakati shule iko nyuma ya nyumba yao. Na akirudi mmoja anayeheshimika mtaani, utaona wengine wawili watatu wanaanza kuulizia nafasi kwa mwalimu mkuu.

Kama unaamua mwakani, nenda shule ya mtaani kwako siku ya kawaida saa nne watoto wakiwa mapumziko, angalia vyoo, hesabu madawati, uliza darasa la kwanza wako wangapi na walimu wangapi, kisha muulize mwenyekiti wa kamati ya shule kikao cha wazazi ni lini.