Kikombe cha Unga Kina Gramu Ngapi?

Jana nimeulizwa tena swali hili na binti anayejifunza kuoka kwangu hapa Mwanjelwa, Mbeya. Nami nikamuuliza: kikombe kipi, na unga umeutiaje?

Niliwahi kuwapa vijana wawili kikombe kimoja cha kupimia na unga wa ngano wa mfuko mmoja. Wa kwanza alizamisha kikombe ndani ya unga, akaushindilia kwa kiganja, akakata juu kwa kisu. Mzani ukasoma gramu 150. Wa pili alichekecha kwanza, akajaza kwa kijiko polepole, kisha akapitisha kisu kile kile. Gramu 120. Kwa maandazi ya vikombe vinane hiyo ni tofauti ya gramu 240, yaani vikombe viwili vizima vya yule wa pili. Mmoja atakanda donge gumu lisiloumuka vizuri, mwenzake litamganda vidoleni, na wote wamefuata maelekezo yale yale.

Mbeya tunalijua jambo hili tangu sokoni. Sado (kopo la kupimia) ya viazi na sado ya mchele wa Kyela hazilingani uzito hata kidogo, kwa sababu viazi huacha mianya katikati na mchele hujipanga. Unga nao hubeba hewa kati ya chembe zake, na ule wa chini ya mfuko uliotikiswa njiani kwenye lori huwa umeshikana kuliko wa juu. Kikombe hupima nafasi tu.

Mapishi mengi ya mtandaoni hutumia kikombe cha Marekani, mililita 237 hivi. Cha Australia ni 250. Katika hicho cha 237, unga uliojazwa kwa kijiko ni gramu 120 hadi 125, sukari nyeupe 200, mafuta ya kula karibu 218, maji 237, na asali hufika 340. Kwa hiyo msimwamini mtu anayesema "kikombe ni gramu 250" bila kutaja kikombe cha nini.

Kikombe chako cha nyumbani kipime hivi: kiweke mzanini kikiwa kitupu, rudisha mzani kwenye sifuri, jaza maji hadi ukingoni. Gramu unazosoma ndizo mililita zake, maana mililita moja ya maji ina gramu moja. Changu cha plastiki kilitoa 310! Unga usioshindiliwa una takriban nusu gramu kwa kila mililita, basi kikombe hicho hubeba kama gramu 155. Pima mara tatu kwa mkono wako mwenyewe, uchukue wastani.

Hamira ndiyo pekee ninayoiachia kijiko. Kijiko cha chai cha hamira ya chenga ni gramu 3 hivi, na mizani ya kawaida ya jikoni, inayoruka gramu moja moja, hukosea kwa kiasi kidogo namna hiyo. Lakini kikate kwa kisu, kisiwe na kilima. Huku kwetu tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na donge huumuka upesi, hivyo hamira iliyozidi inaonekana mapema.

Binti yule ameshaanza daftari lake. Ukurasa wa kwanza ameandika: kikombe chekundu, maji 310, unga 152, 158, 154.