Mkutanoni nilisema mchango, wao wakasikia makato

Kazi yangu ni uchumi wa afya, yaani kupiga hesabu za nani achangie nini ili mgonjwa asidaiwe fedha akiwa amelala kwenye machela. Hesabu hizo hazijawahi kunitoa jasho kama mkutano wa kijiji kimoja wilayani Tandahimba, kusini mwa Tanzania, nilipokwenda kueleza Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023.

Nilipotamka "mchango wa kaya" tu, minong'ono ikaanza. Mkulima wa korosho anapeleka mzigo AMCOS, chama chao cha ushirika, anasubiri mnada, na hela inamfikia ikiwa imeshanyofolewa: ushuru wa halmashauri, wa chama, gharama za ghala. Leo tena kashuka mgeni na gari, anataka chake.

"Nisipougua, hela yangu mnanirudishia lini?" aliuliza mzee mmoja. Akapigiwa makofi.

Bima walikuwa wanaipigia hesabu ya upatu: unatoa, zamu yako inafika, unapokea. Nikawauliza kuhusu chama chao cha kuzikana. Yupo anayedai arudishiwe kwa kuwa mwaka mzima hakufiwa? Wakacheka. Na aliyefiwa asubuhi akaja kujiandikisha mchana, mnampa hela ya sanda?

"Hatumpi!" walijibu akina mama.

Bima ya hiari hufia hapohapo. Wagonjwa wanawahi kujiandikisha, wazima wanasubiri waugue, mfuko unakauka. Ndiyo maana sheria inamtaka kila mtu aingie.

Nikadhani nimemaliza. Mama mmoja akasimama na kadi ya CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ile iliyokuwa ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Zahanati aliambiwa dawa hakuna, kanunue dukani. Wa kueleweshwa hapo alikuwa mimi.

Bahati mbaya wanaokasirikia mchango ndio wanaoumia zaidi. Hela ya korosho huingia kuanzia Oktoba. Malaria ya masika huwakuta mifuko mitupu, na wapo wanaouza kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mnada, kwa bei ya kutupa, korosho ambazo bado hazijaanguka, wapate kumlaza mtoto. Kwangu mimi, mchango ungekusanywa msimu wa minada, na dawa ziwe zimeshafika kabla ya hapo.

Yule mzee alinisindikiza hadi kwenye gari. Ana wake wawili na wajukuu wanne.

"Na mimi wa saba, mwanangu. Sasa nani abaki nje?"

Nikalitoa tena daftari.