Mzigo uliofuatiliwa na mzigo uliosainiwa

Wiki iliyopita niliombwa kuamua ugomvi, kazi ambayo hakuna anayenilipa. Muuzaji alikuwa amemwandikia mnunuzi: "Ndugu, mzigo umeshasainiwa, namba ya trakingi hii hapa." Mnunuzi akaifungua namba, akakuta neno moja tu: umefikishwa. Hakuna jina la mpokeaji wala mchoro wa kalamu. Akajibu kwamba hakusaini chochote na hajaona chochote. Kufikia hapo kila mmoja alikuwa ameshamwita mwenzake tapeli. Nilipowauliza wanamaanisha nini kwa "kusainiwa", wote wawili walinielezea kufuatiliwa.

Maana zenyewe ni fupi. Mzigo wa kufuatiliwa (ndio wenye trakingi) una bakodi inayoskaniwa kwenye vituo vya njiani, na kila skani inaingia kwenye mfumo ambao mtumaji na mpokeaji wanaweza kuusoma. Mzigo wa kusainiwa ni ule ambao anayeuleta hatakiwi kuuacha mpaka apatikane mtu wa kuupokea mkononi na kuacha alama yake. Mzigo unaweza kuwa na sifa zote mbili, moja, au usiwe na hata moja. Kwa miaka mingi Royal Mail, posta ya Uingereza, imeuza huduma iitwayo Signed For, ambayo humpa mtumaji sahihi ya mpokeaji mwishoni bila kumwonyesha safari yote ya mzigo. Kinyume chake kipo kila mahali: skani chungu nzima njiani, na mwisho wa safari mzigo unaachwa kizingitini.

Kuchanganya huku si ujinga mtupu, kuna historia yake. Waliokua na barua ya rejesta walizoea huduma moja iliyobeba mambo yote mawili. Barua iliandikwa kitabuni (rejesta yenyewe ni hicho kitabu), ikaandikwa tena kila ilipobadilisha mikono, na mwisho mwenyewe akaitia sahihi kaunta. Hata hivyo, mtumaji aliyetaka kuletewa uthibitisho wa kupokelewa alipaswa kuuomba peke yake na kuulipia, kwa kadi ya AR, herufi zilizotoka kwenye Kifaransa avis de réception (taarifa ya kupokelewa), lugha rasmi ya Umoja wa Posta Duniani tangu ulipoundwa Bern mwaka 1874. Wazee wa posta walijua kabisa kwamba hivyo ni vitu viwili. Sisi tumerithi huduma, kitabu tumekisahau.

Na maneno yenyewe yanasema, ukiyasikiliza. Chukua fuatilia. Mzizi ni fuata, ukaongezewa kile kinyambuo cha kung'ang'ania tunachokisikia katika shikilia na tupilia mbali. Kufuatilia ni kufuata bila kubanduka. Ndiyo maana mnunuzi anapoambiwa mzigo wake "unafuatiliwa" anapata picha ya mtu aliyekaa mahali akiutazama usiku kucha. Hakuna mtu huyo. Kuna skani ya saa 3 asubuhi kwenye ghala moja, na skani ya kesho yake usiku kwenye ghala jingine, na katikati ya hizo mbili hakuna ajuaye mzigo uko wapi. Ni kama kusoma nyayo: unajua mnyama alipita hapa, basi. Neno letu limeahidi zaidi ya kinachofanyika, na sina neno bora la kuweka mahali pake.

Sahihi ndilo tamu zaidi. Kwa Kiarabu ni kitu kizima, kisicho na ugonjwa wala kasoro. Ukoo huohuo ndio uliotupa siha, afya ya mwili. Kiswahili kikalichukua kwa kazi mbili, kivumishi cha kilicho kweli na jina la ile alama ya kalamu, kwa sababu alama ndiyo iliyoufanya waraka uwe mzima. Saini tuliyoitoa kwenye Kiingereza haibebi uzito huo, ni alama tu. Sasa tazama kinachoitwa sahihi siku hizi: kistari kilichopinda, kimechorwa kwa kidole kwenye kioo cha simu ya mleta mzigo, wakati mwingine kwa kidole chake mwenyewe. Mwaka 2020, korona ilipoingia, kampuni nyingi ziliacha kumpa mpokeaji kifaa kile. Mleta mzigo akawa anaandika jina au anapiga picha ya mlango. Tumebaki na sahihi isiyo sahihi, na bado muuzaji anaitoa kama hati ya kiapo.

Halafu kuna kabidhi na stakabadhi, ndugu wa tumbo moja, wote wametoka kwenye neno la kufumbata kitu kiganjani. Kukabidhi kunataka mikono miwili, wa kutoa na wa kupokea. Kizingiti hakina mkono.

Kosa jingine linaloniudhi ni la namba. Watu wakiona namba ndefu wanaamini mzigo unafuatiliwa. Vitu vinavyovuka mipaka kwa posta huwa na namba yenye herufi na tarakimu, jumla yake 13, kwa mfano RR123456785GB. Tarakimu 8 za mwanzo ni za mzigo, ya 9 ni ya kukagua kama namba imenakiliwa vizuri, na GB ni nchi ilikotolewa. Herufi ya kwanza ndiyo inayosema huduma: R ni rejesta, C ni vifurushi, E ni EMS, huduma ya posta ya haraka. Namba inayoanza na U kwa kawaida imewekwa kwa ajili ya forodha, na hakuna aliyeahidi kuifuatilia. Kabla ya kumtumia mnunuzi namba kwa majigambo, itazame herufi ya kwanza.

Kwenye madai, tofauti hii ina bei. eBay, soko la mtandaoni, kwa mfano, humtaka muuzaji awe na uthibitisho wa sahihi oda inapofika dola 750. Chini ya hapo, trakingi inayoonyesha mzigo umefikishwa kwenye anwani ya mnunuzi humkinga na dai la "sijapokea". Kwa hiyo mnunuzi anayelia "mimi sikusaini" kwenye oda ndogo hana hoja, hata kama anasema kweli. Na muuzaji wa kitu cha thamani aliyebana pesa ya sahihi hana kinga, hata kama naye anasema kweli.

Wale wawili wangu tuliwaombea picha kutoka kwa walioleta mzigo. Ikaja: sanduku limeegemea mlango wa mbao, pembeni kuna chungu cha maua. Mnunuzi akajibu kwamba mlango wake ni wa chuma na hajawahi kuwa na ua hata moja.

Nilimwandikia muuzaji kwa upole, maana hakuwa mwongo. Alichokuwa nacho mkononi ni umefikishwa, tendo ambalo mtendaji wake ni aliyeleta. Umepokelewa mtendaji wake ni mnunuzi, na mnunuzi ndiye wa kulitamka, au mkono wake ulitamke kwa niaba yake. Kwa hiyo safari nyingine, ndugu, ukiiona ile skani ya mwisho, mwandikie mteja hivi: "Mfumo unaonyesha umefikishwa. Je, umeupokea?"