Maji yakisafika, homa ya ini A huhamia kwa watu wazima

Homa ya ini A, inayoenezwa na kirusi kinachopita kwenye chakula na maji yenye kinyesi cha mgonjwa, haina tabia za homa ya ini B wala C. Haikai mwilini miaka na miaka, na aliyeipata mara moja hubaki na kinga maisha yake yote. Mtoto wa chini ya miaka 6 mara nyingi huipata bila mtu kujua: kati ya watoto 10 walioambukizwa, kama 7 hawaonyeshi dalili yoyote. Kwa watu wazima mambo hugeuka. Zaidi ya 7 kati ya 10 huugua hadi macho yakawa ya njano, na ini kushindwa kabisa kufanya kazi hutokea zaidi kwa waliovuka miaka 40. Kwa hiyo, tunapopiga hesabu za ugonjwa huu Arusha na Moshi, jambo la kwanza kuliuliza ni umri: mtu anakutana na kirusi hiki akiwa na miaka mingapi?

Modeli ya kihisabati, yaani hesabu inayoiga jinsi ugonjwa unavyoenea, huanza kwa kuwagawa watu katika mafungu manne. Wapo wasio na kinga; wapo walioambukizwa lakini bado hawajaanza kueneza; wapo wanaoeneza; na wapo waliokwisha kupona. Tangu kuambukizwa hadi kuumwa hupita siku 15 hadi 50, wastani 28. Kueneza huanza kama wiki 2 kabla ya macho kugeuka njano na hupungua sana wiki moja baadaye. Hapo ndipo juhudi nyingi za kudhibiti mlipuko hukwama. Mama lishe akipumzishwa siku macho yake yalipobadilika, theluthi mbili ya muda wake wa kueneza imeshapita, na kachumbari aliyoikata kwa mikono yake wiki iliyotangulia imeshaliwa. Kwa mazingira yetu huongezwa fungu la tano lisilo la watu, yaani virusi vilivyomo majini na udongoni, maana vinaweza kuishi huko kwa miezi. Ukiliacha fungu hilo, modeli itakuambia mlipuko umekwisha wakati mchicha wa bondeni bado unamwagiliwa maji ya mto yenye kinyesi.

Namba inayobeba hesabu nzima ni kasi ya maambukizi kwa mwaka kwa mtu asiye na kinga. Tuiite k. Sehemu ya watu walioambukizwa kufikia umri u ni 1 − e^(−ku), ambapo e ni namba maalumu ya hesabu, takriban 2.718, na wastani wa umri wa kuambukizwa ni takriban 1 kugawanya kwa k.

Chukua watoto 1,000 waliozaliwa mahali ambapo k ni 0.25, vyoo ni vya shimo na maji ni ya kisima kifupi. Wastani wa umri wa kuambukizwa ni miaka 4. Wapatao 777 huambukizwa kabla ya miaka 6, na karibu wote waliobaki kabla ya utu uzima. Wanaofika miaka 20 bila kinga ni kama 7 tu. Tukikadiria kwamba wanaoambukizwa kabla ya miaka 6 huugua 3 kati ya 10 na wanaoambukizwa baada ya hapo 7 kati ya 10, watakaougua ni kama 389.

Sasa leta bomba na choo cha kuvuta maji, k ishuke hadi 0.05. Wastani wa umri hupanda hadi miaka 20. Kufikia miaka 60 wameambukizwa 950, yaani pungufu kidogo tu ya mwanzo, lakini wanaougua wamefika kama 562. Wanaoambukizwa baada ya miaka 20 wametoka 7 hadi 318, na 86 kati yao wameshavuka 40. Hii haimaanishi maji safi ni mabaya. Maji safi huokoa watoto dhidi ya kuhara, kipindupindu na homa ya matumbo, na hakuna hesabu inayoweza kupinga hilo. Ila kwa homa ya ini A, maji yanayosafika nusu nusu huacha kundi kubwa la watu wazima wasio na kinga katikati ya mji ambao kirusi bado kinazunguka.

Chanjo yake ni nzuri. Hutolewa kuanzia miezi 12, kwa kawaida dozi 2 zilizopishana angalau miezi 6. Israel ilianza kuwachanja watoto wote mwaka 1999, na katika miaka michache wagonjwa walipungua kwa zaidi ya asilimia 90, wakiwemo watu wazima ambao hawakuchanjwa. Argentina ilianza mwaka 2005 kwa dozi moja tu katika umri wa miezi 12, na watoto ambao ini lilishindwa kabisa kufanya kazi kwa sababu ya kirusi hiki wakatoweka mahospitalini.

Lakini matokeo ya chanjo hutegemea mahali unapoanzia. Kwa makadirio ya haraka, idadi ya watu ambao mgonjwa mmoja huwaambukiza katika jamii isiyo na kinga hupatikana kwa kugawanya umri wa kuishi kwa wastani wa umri wa kuambukizwa. Penye wastani wa miaka 20 na maisha ya miaka 60, jibu ni 3. Kukata mnyororo kunahitaji kinga kwa theluthi mbili ya watoto, sawa na kuchanja kama asilimia 70 kwa chanjo yenye ufanisi wa asilimia 95. Hilo linawezekana. Penye wastani wa miaka 4, jibu ni 15, na kinga inayohitajika inapanda hadi asilimia 93. Ukiishia kukinga asilimia 80, maambukizi yote yatashuka sana, kutoka 1,000 hadi kama 190, ila wanaoambukizwa baada ya miaka 20 watapanda kutoka 7 hadi 64. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halipendekezi kuwachanja watoto wote katika nchi ambako karibu kila mtoto ameshaambukizwa akiwa mdogo, bali katika zile zinazotoka kwenye hali hiyo.

Ugumu wa miji yetu ni kwamba hali hizo mbili zinaishi pua na mdomo. Mtoto wa Njiro ya Arusha au wa Shanty Town ya Moshi mwenye bomba ndani ya nyumba, na mtoto wa mtaa ambako nyumba kadhaa hutumia choo kimoja, wanakula kwenye kibanda kimoja cha chipsi na kusoma darasa moja. Wastani wa mji mzima huficha yote mawili. Kinachohitajika ni kupima kingamwili, yaani alama za kinga zilizomo kwenye damu, kwa makundi ya umri, mtaa kwa mtaa. Vigezo viko wazi: ikiwa asilimia 90 au zaidi wana kinga kufikia miaka 10, maambukizi ni ya juu; ikiwa hawafiki hapo lakini nusu au zaidi wanayo kufikia miaka 15, ni ya kati, na hapo chanjo kwa watoto wote inastahili kuwekwa mezani.

Mzazi ajue kwamba chanjo ya penta anayopewa mtoto kliniki inakinga homa ya ini B, si A. Chanjo ya A haimo katika ratiba ya kawaida ya Tanzania, hivyo anayeihitaji aiulizie hospitalini, hasa mwenye ugonjwa sugu wa ini. Aliyekaa na mgonjwa nyumba moja na hana kinga anaweza kuchanjwa ndani ya siku 14 tangu alipokutana na maambukizi. Nyumbani, mikono ioshwe kwa maji na sabuni, kwa kuwa vitakasa mikono vya spiriti havikiwezi vizuri kirusi hiki. Chakula kipate joto la nyuzi 85 kwa dakika moja. Arusha, kwenye mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo yaliyochemka sawasawa kwa dakika moja yanatosha. Choo na meza alivyogusa mgonjwa visafishwe kwa sabuni kwanza, kisha kwa jiki iliyochanganywa sehemu 1 kwa sehemu 100 za maji, mchanganyiko mpya kila siku, na uachwe kwa angalau dakika moja kabla ya kufuta.