Mafuriko si ndiyo hayo hayo maji?

Masika ikikaribia huwa napita nyumba kwa nyumba huku bonde la Mto Msimbazi, Dar es Salaam, mtaa wa Jangwani na mitaa jirani, na kila mwaka nasikia lile lile. Juzi mama mmoja alinifungulia begi lake la dharura kwa fahari: mchele kilo tano, maharage, unga, chumvi, hadi mwiko. Nikamuuliza maji yako wapi. Akacheka. "Bwana afya, mafuriko si ndiyo hayo hayo maji?"

Ndiyo, na ndani yake kimo choo cha shimo cha jirani. Msimbazi ukifurika, vyoo vinamwaga, visima vifupi vinaingiliwa, na bomba linalopita mtaroni, presha ikishuka, linanyonya uchafu kwenye kila ufa. Kipindupindu hakihitaji zaidi ya hapo. Na hayo maharage, mama yangu, utayachemshia maji gani?

Hesabu ni nyepesi: lita 4 kwa mtu kwa siku, siku 3. Nyumba ya watu watano ni lita 60, yaani madumu matatu ya lita 20. Dumu la mafuta ya kula, likioshwa vizuri kwa sabuni, linafaa. La rangi au dawa ya wadudu, hata ulisugue kwa mchanga mpaka mkono uchubuke, halifai. Yafunge, yaweke juu, badilisha maji kila miezi 6.

Hutakimbia na kilo 60 kichwani, najua. Madumu ni ya siku mtakazokwama nyumbani. Begini tia chupa chache na vidonge vya klorini, vile vya kidonge kimoja kwa lita 20 (soma pakiti, vipimo havifanani). Maji ya tope yachuje kwanza kwa kanga safi iliyokunjwa mara nne, maana tope hula klorini. Kisha subiri dakika 30. Watu hawasubiri! Wanatia, wanakoroga, wanakunywa, halafu wanakuja kuniambia dawa ni feki.

"Mimi nitachemsha." Sawa, kama mkaa wako haujalowa.

"Pesa ziko kwenye simu." Mnara ukizimika au chaji ikiisha, huna pesa. Weka noti ndogo ndogo. Muuza maji hatakuwa na chenji ya elfu kumi.

"Vyeti nitabeba maji yakija." Waliopitia Desemba 2011, mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 40 hapa Dar es Salaam, hawaniambii hivyo. Nakala ziingie kwenye plastiki leo, pamoja na dozi ya wiki ya anayetumia dawa za presha au ARV.

"Mishumaa inatosha." Kwenye chumba chenye mtungi wa gesi uliopinduliwa na maji? Nunua tochi.

Na begi lisikae uvunguni, tafadhali. La yule mama tulilivuta kutoka uvunguni.