Android iko wazi mpaka wapi?

Wauza simu wa hapa Mwanga, Kigoma, huniuliza: kama Android ni programu huria, mbona Huawei hii haina Play Store? Ni swali zuri kuliko wanavyodhani.

Android yenyewe ni huria kweli. Google iliitangaza Novemba 2007, na mtengenezaji yeyote anaweza kuchukua msimbo wake, akaubadilisha na kuuweka kwenye simu zake bila kulipa. Lakini Play Store, ramani, na huduma zinazoziwezesha programu nyingi kupokea arifa ni mali ya Google na zina leseni yake. Mwaka 2019 serikali ya Marekani ilipozuia kampuni za nchi hiyo kufanya biashara na Huawei, Huawei ilibaki na ile sehemu ya wazi tu. Simu yake ya Mate 30, iliyozinduliwa Septemba mwaka huo, ikatoka bila Play Store.

Google haiuzi Android, inauza matangazo. Kadiri simu zinavyoenea ndivyo watu wengi wanavyotafuta mambo kupitia Google, kwa hiyo kugawa mfumo bure kunailipa. Kufuli limewekwa pale pesa inapopita. Tume ya Ulaya iliitoza faini ya yuro bilioni 4.34 mwaka 2018, sababu mojawapo ikiwa kuwabana watengenezaji waliotaka Play Store waweke pia kivinjari chake cha Chrome na programu yake ya kutafutia.

Apple ilipita njia nyingine. iPhone iliundwa kwa siri kubwa, hadi mkuu wa Apple, Steve Jobs, alipoionyesha Januari 9, 2007. Madukani ikafika Juni 29. Usiri huo uliwanyima washindani muda, na ukaifanya siku ya uzinduzi kuwa habari ya dunia nzima. Wavuvi wa Kibirizi wanalijua hili: dagaa walikopatikana usiku hakusemwi, ila asubuhi mzigo unaanikwa kila mtu auone.

Ninachokichukia ni siri isiyofika asubuhi. Theranos, kampuni ya Marekani ya vipimo vya damu iliyoanzishwa 2003, ilisimulia kwamba matone machache ya damu ya kidoleni yangetosha kwa vipimo vingi. Aliyetaka kujua mashine inavyofanya kazi aliambiwa ni siri ya biashara. Hadithi ilikuwa tamu, na wawekezaji wakatoa mamilioni ya dola. Oktoba 2015 gazeti la Wall Street Journal likaanza kufichua mambo, na Januari 2022 mwanzilishi wake, Elizabeth Holmes, akakutwa na hatia ya kuwalaghai wawekezaji. Wagonjwa nao walikuwa wamepewa majibu yasiyoaminika, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kwa vijana wanaotengeneza programu hapa Kigoma: ukiegemea arifa na ramani za Google, programu yako itayumba kwenye simu zisizo na huduma hizo. Azima simu moja ya namna hiyo uijaribu kabla hujamkabidhi mteja kazi yake.