Maumivu ya neva ya uso na Ayurveda: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kuna maumivu ya uso yanayomfanya mtu mzima aogope mswaki. Hupiga shavu, taya au ufizi mithili ya shoti ya umeme, kwa sekunde chache, mara nyingine hadi dakika mbili, kisha hukata ghafla kama yalivyokuja. Upepo wa feni, kutafuna, kunawa uso, hata kuitikia salamu hutosha kuyaamsha. Madaktari huyaita nyuralgia ya trijemina. Hutoka kwenye neva ya tano ya kichwa, ambayo ina matawi matatu: moja la paji na jicho, moja la shavu na taya ya juu, moja la taya ya chini. Wanawake huyapata zaidi kuliko wanaume, na wengi wa wagonjwa wamevuka miaka 50.

Mgonjwa aliyechoshwa na vidonge huanza kusikia habari za Ayurveda, tiba ya jadi ya India. Pwani ya Afrika Mashariki hilo si jambo geni: dawa za Kihindi zimeuzwa huku kwa vizazi, na wapo wanaotumiwa mafuta na vidonge na jamaa walioko Gujarat au Kerala. Mimi sina ugomvi na Ayurveda. Ugomvi wangu ni na maneno yanayosambazwa kwa jina lake, kwa kuwa mengi hayapatani na hospitali, wala hayapatani na vitabu vya Ayurveda vyenyewe.

"Ayurveda iliujua ugonjwa huu zamani, na dawa yake imeandikwa"

Nusu ya kauli hii ina msingi. Katika Sushruta Samhita, kitabu kikongwe cha Kisanskriti kinachosifika hasa kwa upasuaji, sehemu ya Uttaratantra inataja magonjwa kumi na moja ya kichwa. Moja linaitwa anantavata. Maelezo yake ni kwamba dosha zote tatu, yaani nguvu ambazo Ayurveda husema zinauendesha mwili (vata, pitta na kapha), huchafuka kwa pamoja, maumivu makali hushika kisogo, kisha hukaa kwenye jicho, nyusi na kipaji cha pembeni. Shavu hutetemeka, taya hukaza, na macho hupata maradhi. Matabibu wa Ayurveda, yaani vaidya, wa siku hizi hulitumia jina hilo kwa nyuralgia ya trijemina.

Ukisoma kwa makini utaona kufanana kuna mipaka. Maumivu ya upande wa uso na shavu linalocheza vinaingia vizuri. Kuanzia kisogoni, taya kukaza na maradhi ya macho haviingii. Maelezo hayo yangeweza kubeba magonjwa kadhaa ambayo leo tunayatenganisha. Na ile dawa "iliyoandikwa"? Sushruta anaagiza mgonjwa atolewe damu kwenye mshipa na ale vyakula vitamu vya samli na asali vinavyotuliza vata na pitta. Wanaouza vifurushi vya "tiba ya Sushruta" mtandaoni sijawaona wakitangaza habari ya kutoa damu.

"Ni ule ule ugonjwa wa uso kupinda"

Hapana, na kosa hili ni la hatari. Uso kupinda, ambao Ayurveda huuita ardita, unahusu misuli kukosa nguvu: jicho halifumbi, mdomo unavutwa upande mmoja. Hiyo ni kazi ya neva ya saba. Neva ya tano hubeba hisia, na ikiugua kwa nyuralgia uso huuma bila kupinda. Mtu ambaye uso wake umepinda ghafla aende hospitali siku hiyo hiyo, maana huenda ni kiharusi; na kama ni kupooza kwa neva ya saba tu, dawa aina ya steroidi husaidia zaidi zikianzwa ndani ya saa 72. Hapo hakuna nafasi ya kusubiri mafuta yaletwe kutoka India.

"Shangazi alitumia, akapona kabisa"

Huu ndio ushahidi unaowashawishi watu kuliko wote, na ndio wenye mtego mkubwa kuliko wote. Nyuralgia ya trijemina ina tabia ya kuja na kuondoka. Mashambulizi huweza kuandamana kwa wiki au miezi, mara nyingi kwa siku, halafu yakanyamaza yenyewe kwa miezi, wakati mwingine kwa miaka. Baadaye hurudi, na kwa wagonjwa wengi vile vipindi vya utulivu hufupika kadiri miaka inavyokwenda.

Sasa fikiria ni lini mtu hutafuta tiba mpya. Hutafuta maumivu yakiwa kileleni, ameshindwa kula, ameshindwa kulala. Chochote atakachopewa wakati huo, kiwe mafuta ya puani, unga wa mizizi au maji ya kuombewa, kina nafasi nzuri ya kukutana na utulivu ambao ungekuja hata bila hicho. Jogoo likiwika lisiwike, kutakucha. Shangazi hadanganyi anaposema alipona. Kilichomponya ndicho asichoweza kukijua kwa kujitazama yeye peke yake.

Ndiyo maana dawa hupimwa kwa kulinganisha makundi ya wagonjwa. Kabamazepini, dawa ya kifafa, iliripotiwa kusaidia nyuralgia hii mwaka 1962, na ndani ya muongo huo huo ikapimwa dhidi ya vidonge visivyo na dawa ndani. Ikashinda, na hadi leo ndiyo ya kwanza kuandikwa. Kwa upande wa Ayurveda, yaliyochapishwa kuhusu nyuralgia hii ni zaidi taarifa za mgonjwa mmoja mmoja: fulani alifanyiwa nasya (matone ya mafuta puani) na shirodhara, maumivu yakapungua. Taarifa ya namna hiyo ni mwanzo halali wa utafiti. Haitoshi kumwambia mtu aache dawa.

Hilo halifuti faida zote. Shirodhara, yaani kumiminiwa mafuta ya uvuguvugu kwenye paji la uso polepole, huwatuliza watu wengi, na mgonjwa anayeishi kwa hofu ya shambulio lijalo anahitaji utulivu na usingizi. Kulala vizuri ni nafuu ya kweli. Ila tuiite nafuu, tusiiite tiba ya neva.

"Ni upepo umeingia kichwani, ukitolewa basi"

Vata katika Ayurveda ni nguvu ya mwendo, ukavu na baridi, na maumivu ya ghafla huhesabiwa kuwa yake. Mgonjwa ambaye shavu lake hulipuka kila akipigwa na upepo wa dirisha la daladala hana sababu ya kubisha. Lakini kinachoamsha shambulio si lazima kiwe ndicho kilicholeta ugonjwa. Kwa wagonjwa walio wengi, mshipa wa damu, mara nyingi ateri, huwa umeigusa au kuikandamiza neva ya tano pale inapotokea kwenye shina la ubongo, na utando unaoikinga neva ukachakaa. Kwa wachache chanzo ni uvimbe, au ugonjwa wa sklerosisi ya sehemu nyingi (multiple sclerosis), unaoharibu utando wa neva.

Daktari Mmarekani Peter Jannetta ndiye aliyeieneza operesheni ya kuutenga mshipa huo na neva kwa kipande kidogo cha Tefloni. Katika ufuatiliaji wa wagonjwa wake uliochapishwa mwaka 1996, miaka kumi baada ya operesheni takriban asilimia 70 walikuwa hawana maumivu na hawatumii dawa. Ni upasuaji wa kichwa, haufanywi kwa mzaha. Lakini mafuta hayawezi kuisogeza ateri.

"Ni mafuta na masaji tu, yatadhuru nini?"

Nasya ndiyo tiba inayotajwa zaidi kwa magonjwa ya kichwa, kwani vitabu vya Ayurveda vinasema pua ndiyo mlango wa kichwa. Kabla ya matone, uso husingwa kwa mafuta na kupewa mvuke; kisha mgonjwa hulazwa chali na kudondoshewa mafuta ya dawa, kama Anu taila, katika kila tundu la pua. Kwa mwenye nyuralgia, sehemu zinazoamsha maumivu mara nyingi ziko hapo hapo: kando ya pua, juu ya mdomo, shavuni. Msingaji asiyejua anaweza kumtia mtu katika shambulio baya kwa nia njema kabisa. Mafuta yanayoteremka mapafuni nayo huweza kuleta aina ya nimonia, hasa kwa mzee au mtu anayepaliwa mara kwa mara.

"Ni ya asili, haina kemikali"

Ayurveda ina tawi zima, rasa shastra, linalotengeneza dawa kwa metali na madini. Brihat Vata Chintamani Rasa, inayotolewa kwa magonjwa ya vata yakiwemo ya neva, ina dhahabu na zebaki. Hilo si siri. Limo kwenye fomula. Wafuasi wake husema metali husafishwa na kuchomwa hadi ikapoteza sumu. Vipimo vya maabara havijawaunga mkono kila mara. Utafiti uliochapishwa katika jarida la kitabibu la Marekani, JAMA, mwaka 2008 ulipima dawa 193 za Ayurveda zilizouzwa mtandaoni, na karibu moja kati ya tano ilikuwa na madini ya risasi (ledi), zebaki au aseniki. Zile za rasa shastra zilizidi sana. Risasi huharibu neva. Mtu anakimbia maumivu ya neva moja anaziweka rehani nyingine.

Hata mimea mitupu haikai kimya mwilini. Trikatu, mchanganyiko wa tangawizi, pilipili manga na pilipili ndefu, ina piperini, ambayo imeonekana kupandisha kiwango cha kabamazepini kwenye damu. Kiwango kikipanda, kizunguzungu na usingizi hupanda nacho. Ashwagandha, mmea unaotumika sana katika Ayurveda, inaweza kuongeza usingizi huo, na imehusishwa na visa vya kudhurika ini.

"Nimepewa dawa ya kifafa, kumbe nina kifafa"

Huna. Kabamazepini hutuliza neva zinazolipuka ovyo, iwe kwenye ubongo au usoni. Ina madhara yake, ikiwemo kushusha chumvi ya sodiamu mwilini, na upele wa ngozi ambao kwa nadra huwa wa hatari. Ukiona upele, rudi hospitali mara moja. Watu wenye asili ya Asia hushauriwa kupimwa jeni ya HLA-B*15:02, inayoongeza hatari ya upele huo, kabla ya kuianza, jambo linalowagusa pia baadhi ya majirani zetu wa pwani. Usiikatishe ghafla kwa sababu mtu amekuletea unga.

"Ni jino"

Watu wamekwisha ng'olewa meno mazima, moja baada ya jingine, na maumivu yakabaki palepale. Kama daktari wa meno haoni tatizo kwenye jino wala kwenye eksirei, mwombe rufaa ya daktari wa mishipa ya fahamu badala ya koleo.

"Hospitali au vaidya, huwezi kushika vyote"

Vaidya mwenye BAMS, shahada ya tiba ya Ayurveda, nchini India amesoma miaka mitano na nusu pamoja na mafunzo ya vitendo, na anatomia ya kisasa imo katika masomo yake. Mtu wa namna hiyo anaweza kusoma majibu ya MRI, yaani picha ya ndani ya kichwa. Kipimo hicho kifanyike mapema, na hasa ikiwa mgonjwa hajafika miaka 40, maumivu yako pande zote mbili za uso, kuna ganzi isiyoondoka, au sikio la upande huo limeanza kupoteza usikivu. Mpelekee majibu pamoja na orodha ya vidonge vyote unavyomeza, na daktari wa hospitali naye apelekewe orodha ya mafuta na unga, majina yakiwa kamili kama yalivyo kwenye chupa. Dawa isiyo na jina kwenye chupa yake usiinywe.